Siku mbili za baiskeli kwenye majabali ya Moab, Mwalimu akiwa mbele

Nianze na breki, kwa sababu nusura ziniumize kabla hata sijaliona jangwa lenyewe. Ijumaa saa kumi jioni, kwenye maegesho ya duka la kukodisha baiskeli mjini Moab, jimbo la Utah, nilikabidhiwa baiskeli ya milima, nikazunguka nayo mara moja, kisha nikabana mkono wa kushoto ili nipunguze mwendo. Tairi la mbele likasimama papo hapo, la nyuma likanyanyuka juu. Niliwahisha mguu chini, ndio ulioniokoa.

Baiskeli nilizokulia nazo Magu, Phoenix ya mjomba na zote zilizopita kwenye kijiwe chake cha ufundi, breki ya mbele ilikuwa mkono wa kulia. Marekani ni kinyume, ya mbele iko kushoto. Nimeishi Salt Lake City miaka sita na jambo hilo nalijua, lakini baiskeli yangu ya kwendea kazini niliibadilisha mwenyewe siku niliyoinunua, kwa hiyo mkono haukuwahi kujifunza. Kijana wa dukani hakuniuliza nimezoea nini. Ndugu yangu uliyekulia Tanzania au Kenya na unataka kwenda kule, sema mapema unapoweka nafasi, wakuhamishie. Breki hizi ni za mafuta, si za waya. Kuhamisha mkono maana yake ni kuhamisha mirija, na Ijumaa jioni foleni ya wateja imefika mlangoni. Mimi nilibaki pale maegesho nusu saa, nabana na kuachia, mpaka vidole vikaelewa.

Nilipoinama kuangalia vizuri nikakuta la pili. Nilimulika breki ya nyuma kwa tochi ya simu: pedi zimebaki nyembamba kama ukucha, chuma kimekaribia kugusa chuma. Nikaomba zibadilishwe. Jibu la kwanza likawa kwamba zitafika Jumapili. Nikawaambia mimi nimeshika spana tangu nina miaka kumi na moja, pedi hizi hazimalizi mteremko mmoja. Akaja mkubwa wao, akachungulia, hakubishana. Alizibadilisha mwenyewe kwa dakika kumi na akaomba radhi. Duka silitaji. Kwa kurekebisha haraka nawapa haki yao. Kwa kumkabidhi mteja baiskeli ile aende nayo kwenye magenge, siwapi.

Baada ya hapo, baiskeli yenyewe ilikuwa nzuri, tena sana. Shokapu mbele na nyuma, kila moja inazama milimita 140. Rimu za inchi 29. Sahani moja tu ya meno mbele, na nyuma gia 12, ile kubwa kabisa imepanuka kama sahani ya chakula, hivyo hata mlima wa kusimama unaupanda umekaa. Lakini kitu nilichokipenda kuliko vyote ni siti. Kuna kitufe kwenye usukani, upande wa dole gumba; unakibonyeza, unaikalia siti inazama, ukiinuka na kubonyeza tena inapanda. Sisi tulizoea kufungua bolti kwa spana kumi na tatu. Hapa unapofika ukingoni mwa mteremko siti inashuka ukiwa kwenye mwendo, kiuno kinapata nafasi ya kurudi nyuma, na baiskeli inacheza chini yako bila kukurusha. Nililipa dola 95 kwa siku. Kwa mtu wa ghala kama mimi hizo ni saa kadhaa za kazi, na bado nasema inalipa, mradi umeikagua.

Sasa Mwalimu. Amezaliwa Moab hapohapo. Baba yake alifanya kazi kwenye kinu cha urani kilichokuwa kando ya mto Colorado, kilichofungwa mwaka 1984. Yeye miaka ya tisini aliletwa na Peace Corps, shirika la Wamarekani wa kujitolea, kufundisha hesabu sekondari moja huko Njombe, akakaa miaka miwili, na Kiswahili hakikumtoka. Tulikutana Salt Lake kwenye karakana ya kujitolea inayofufua baiskeli kuukuu kwa ajili ya watoto wa wakimbizi. Wengi wao wanatoka Kongo na Burundi, kwa hiyo Jumamosi pale Kiswahili kinasikika kama uko Kigoma. Siku hiyo nilikuwa naziba pancha, nikamwambia mtoto mmoja, "Niletee solusheni." Sauti ya mzee ikatoka nyuma yangu: "Na msasa je?" Nikageuka, mzee wa Kizungu mwenye ndevu nyeupe amenishikia kipande cha msasa. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba, akaongeza na "kamwene" ya Njombe. Tangu hapo namwita Mwalimu, naye ananiita mdogo wangu.

Alipostaafu alirudi kwao Moab, na kila tukizungumza ananiambia njoo. Kumlipa hakutaka, na hata angetaka isingefaa: sehemu kubwa ya njia zile ziko kwenye ardhi ya serikali kuu, na anayeongoza wageni kwa fedha lazima awe na kibali. Basi nikabeba sanduku la barafu lenye nyama ya mbuzi na unga wa dona kutoka duka la Wakongo, nikaendesha gari karibu kilomita 380, na Ijumaa usiku nikasonga ugali jikoni kwake.

Mimi nilitaka Jumamosi asubuhi twende moja kwa moja Slickrock, ile njia maarufu ambayo picha zake kila mwenye baiskeli amewahi kuziona. Akakataa.

"Mdogo wangu, kwanza ujue kusoma, ndipo nikupe kitabu."

Tukaenda Moab Brands, mkusanyiko wa njia kama kilomita 13 kaskazini ya mji, pembeni ya barabara kuu namba 191. Ukitoka mjini, baada tu ya daraja la Colorado, unaliona eneo la kile kinu cha baba yake. Mabaki yake yalikuwa rundo la tani milioni 16 ukingoni mwa mto, na mwaka 2009 yalianza kuhamishwa kwa treni kupelekwa Crescent Junction, mbali na maji. Mwalimu hupunguza mwendo kila akipita hapo. Alisema jina la baba yake, basi, tukaendelea.

Brands ndipo ninapomshauri kila anayeanza aanzie, na nasema hivi kwa uzito. Njia za kule zimepangwa kwa ngazi. Bar M ni kama barabara ya zamani ya gari, pana, ya kupasha misuli moto. Rusty Spur ni fupi na laini, inajipinda katikati ya vichaka bila kukuonea. Kisha kuna Circle O, ambayo karibu yote iko juu ya jiwe tupu, na hapo ndipo unapoanza kulijua jangwa hili lilivyo. Njia haionekani kabisa. Huoni vumbi lililokanyagwa wala nyayo. Kuna alama za rangi juu ya jiwe, moja, na baada ya hatua kadhaa nyingine, nawe unaunganisha. Mwalimu alinionyesha na namna ya pili ya kusoma: weusi wa mpira. Pale ambapo matairi ya wengi yamepita, jiwe jekundu limeingia kivuli cheusi. Ukiona weusi umegawanyika mara mbili, ule mpana ndio wanaopita wengi, mwembamba ni wa mafundi. Ukiona mikwaruzo mifupi mieupe, hapo pedeli za watu zimegonga, inua pedeli yako.

Kabla ya hapo, kwenye Rusty Spur, alinisimamisha, akashuka, akapiga goti. Nilidhani kaona nyoka. Alikuwa ananionyesha udongo. Pembeni mwa njia ulikuwa mweusi, umevimba vimbavimba, kama kitu kilichoungua kwenye moto mdogo.

"Huu naita ukoko," akasema.

Na kweli ni ukoko, ule wa chini ya sufuria. Lakini huu u hai. Ni vijidudu vya jamii ya sainobakteria vinavyofuma nyuzi nyembamba sana katikati ya chembe za mchanga, pamoja na mimea midogomidogo isiyo na maua. Nyuzi zile zinaushika mchanga usipeperuke, zinahifadhi maji kwenye nchi inayopata mvua ya kama milimita 230 kwa mwaka, na sainobakteria hao wanauongezea udongo naitrojeni ambayo mimea mingine itakula. Hatua moja ya kiatu, au tairi moja lililokata kona, inavunja kazi ambayo itachukua miaka mingi kurudi, pengine makumi ya miaka. Kwa hiyo ukikutana na mtu njiani hukanyagi pembeni kumpisha kama tunavyofanya kwetu. Unasimama, unaweka mguu juu ya jiwe, mmoja anapita. Niliona watu wawili wakiwa wameegesha baiskeli zao juu ya ukoko ili wapige picha. Mwalimu aliwaendea, akawaeleza kwa upole ule wa darasani, nao wakaziondoa. Iliniuma kuona alama za matairi zilizobaki. Kama unakwenda kule na hukumbuki lolote katika haya niliyoandika, kumbuka ukoko.

Tuliporudi kwenye maegesho kama saa sita nikasikia sauti ninayoijua tangu utotoni, ile "sss" nyembamba. Tairi la nyuma. Nikalizungusha polepole, nikaona kichwa cha mwiba, nikakichomoa kwa kucha. Kikaangukia kiganjani: mbigili. Si mwiba unaofanana na mbigili, ni mbigili yenyewe, ile ya Magu, yenye pembe zilizotawanyika hata uitupe vipi pembe moja lazima itazame juu. Wao wanauita kichwa cha mbuzi. Nimeziba pancha za mbigili elfu na ushei kwenye kijiwe cha mjomba, na sikutegemea kukutana nayo Utah. Mwalimu akaniambia hata yeye Njombe alishangaa vivyo hivyo alipoikuta kwa upande wake.

Na hapa tairi lile lisilo na tyubu likanipa somo. Ndani yake mnamiminwa maji mazito meupe kama tui. Nilipochomoa mbigili, tui likatoka kwenye tundu, likatoa povu kidogo. Mwalimu akasema geuza tundu litazame chini, uzungushe. Nikazungusha mara kumi. Sauti ikafa. Nikapaka mate kuangalia kama kuna upepo unaotoka, hakuna. Bila msasa, bila solusheni, bila kufungua hata nati. Upepo ulioongezwa ni pampu chache tu za mkono. Jumapili nzima tairi lile halikurudi chini. Ningekuwa na uwezo ningewapelekea ndugu zangu madebe ya tui hilo, maana nyumbani mbigili inakula faida ya mwendesha baiskeli kila siku.

Joto mchana huo, mwishoni mwa Aprili, lilifika nyuzi 27, na kwa kuwa hewa ni kavu jasho hulioni, linakauka kabla halijatiririka. Nilimaliza lita tatu za maji. Mwalimu hakubali mtu atoke bila lita tatu, na kuanzia Juni anasema kama huwezi kuwa umerudi saa nne asubuhi usitoke. Nalichukua neno lake.

Jumapili saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa langoni Sand Flats, tukalipa kiingilio cha gari, tukaegesha Slickrock tukiwa wa tatu. Milima ya La Sal upande wa mashariki bado ilikuwa na theluji, na chini yake jiwe lote lina rangi ya ngozi ya embe lililoiva.

Jina la Slickrock maana yake ni jiwe linaloteleza. Walioliita hivyo walikuwa na farasi wenye viatu vya chuma, na chuma kweli kinateleza. Mpira hautelezi. Jiwe hili lilikuwa mchanga wa jangwa la kale, matuta yaliyosukumwa na upepo zaidi ya miaka milioni 180 iliyopita, yakagandamana. Bado unaiona mistari ya matuta yale imelala upande ubavuni mwa mwamba. Ukipitisha kiganja, ni msasa. Ni msasa uleule wa kukwangulia tyubu kabla ya kupaka solusheni. Tairi linalishika kiasi kwamba unapanda mahali ambapo miguu yako ingesita. Ngozi nayo inalishika hivyohivyo, kwa hiyo vaeni glavu ndefu na kinga za magoti. Kiwiko changu cha kushoto kina kumbukumbu.

Njia ilichorwa mwaka 1969 kwa ajili ya pikipiki, na pikipiki bado zinaruhusiwa. Baiskeli zikaja kuipa umaarufu baadaye. Ni kama kilomita 17, na mtu asiyejua akiona namba hiyo atasema ni ya saa moja. Sisi tulitumia saa nne na robo. Hakuna sehemu tambarare ya kupumzikia. Unashuka bakuli, unapanda bakuli, unashuka tena. Kuna kitanzi kifupi cha mazoezi kisichofika kilomita 4, na jina lake linadanganya watu: ni kifupi, lakini si chepesi hata kidogo. Nadhani wengi wanaoumia moyo na Slickrock wanaumia kwa sababu walikiamini kitanzi kile.

Kuna mpando mmoja uliotaka kunirudisha nyumbani. Ni ukuta wa jiwe, alama nyeupe zinakwenda juu kama ngazi, na katikati kuna bonde dogo la mchanga mlaini linalokula mwendo wako kabla hujaanza. Mara ya kwanza nilisimama kwenye mchanga. Mara ya pili nilifika nusu, tairi la mbele likanyanyuka, nikashuka kwa mguu wa upande wa juu kama nilivyofundishwa, kwani ukiweka wa upande wa chini unabingirika. Mwalimu akaacha baiskeli yake, akapanda kwa miguu mpaka karibu na kilele, akasimama, akapiga kisigino chini mara mbili.

"Usitazame tairi. Nitazame mimi. Mchangani usipinde usukani, kaa nyuma, kanyaga. Ukigusa jiwe, njoo mbele, kifua kishuke, pua iende kwenye usukani. Usiache kukanyaga hata ukidhani umesimama."

Nikateremka, nikageuza, nikaja. Mchangani nilihisi baiskeli inayumba kama mtumbwi, nikaiacha iyumbe. Jiwe likashika. Nikavuta kifua chini, ncha ya siti ikanichoma, mapigo yakawa masikioni, na kweli kuna mahali niliamini nimesimama kabisa, lakini miguu ilikuwa bado inazunguka na viatu vya Mwalimu vilikuwa vinakaribia. Nilipovifikia alipiga kofi moja tu mgongoni mwangu, akaenda kuchukua baiskeli yake. Ningekuwa na ramani tu, ningeshuka na kusukuma, ningeandika hapa kwamba mpando ule haupandiki. Hapo ndipo nilipojua thamani ya mwenyeji.

Mbele kidogo njia inafika ukingoni mwa korongo la Grandstaff. Tulikaa, tukala viporo vya nyama. William Grandstaff alikuwa mchunga ng'ombe mwenye asili ya Kiafrika aliyefika bonde hili mwaka 1877, kabla ya wengi wanaohesabiwa waanzilishi wa mji. Kwa miaka na miaka korongo liliitwa kwa neno la rangi yake na jina la utani, na kabla ya hapo kwa tusi. Mwaka 2017 ndipo likapewa rasmi jina la ukoo wake. Mwalimu alisema alipokuwa mtoto alilitamka lile la zamani kila siku bila kuwaza, na kwamba Njombe, akiwa mgeni yeye, ndiko alikoanza kuwaza. Sikumjibu kitu, nilimkatia nyama nyingine. Nilikaa pale nikilitazama korongo la mtu mweusi aliyechunga ng'ombe jangwani, na mimi mtoto wa wachunga ng'ombe.

Kwenye mashimo ya jiwe kulikuwa na maji ya mvua ya siku zilizopita, yanayotosha kunawa uso. Usinawe. Ndani yake kuna vijidudu vidogo mno, vimeogelea toka kwenye mayai yaliyokaa makavu yakisubiri mvua. Usipitishe tairi pia.

Miteremko ya mwisho pedi mpya zilinuka kibiriti, lakini zilishika. Nilizikumbuka zile za Ijumaa.

Nilirudisha baiskeli saa tisa mchana. Waliikagua kwa makini zaidi kuliko walivyoikagua kunipa, wakaona mkwaruzo kwenye pedeli, wakasema huo ni wa kawaida, hawakunitoza. Nimeshaweka nafasi ya wiki ya pili ya Oktoba, duka lilelile, na kwenye sehemu ya maelezo nimeandika: breki ya mbele mkono wa kulia, pedi mpya mbele na nyuma, nitakagua. Mwalimu ameagiza unga wa dona, kilo tano.